Sheria ya Chai: Hoja za Wapinzani Zikipimwa

Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho alipeleka Mswada wa Chai bungeni mwaka 2018. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi Desemba 2020, na sheria ikaanza kutumika Januari 2021. Mwaka huohuo mahakama ilisimamisha baadhi ya vifungu. Katika muda wote huo hoja za kuipinga hazikubadilika, na mnazijua, kwa sababu bado zinarudiwa Litein, Kapkoros na kila mahali panapopimwa majani mabichi. Nitazitaja jinsi wenyewe wanavyozitaja. Nyinyi ndio waamuzi.

Inayotangulia daima ni hii: KTDA, inayosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, ni kampuni binafsi. Ilianza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964, ikabinafsishwa mwaka 2000, na sasa ni mali ya wakulima kupitia kampuni 54 za viwanda. Kwa hiyo Bunge halina haki ya kuipangia jinsi ya kulipa. Historia hiyo ni sahihi. Hitimisho ndilo lisilotokana nayo. Benki ni mali ya watu binafsi na bado Benki Kuu inazisimamia, tena kwa ukali, kwa kuwa zinashika fedha za wengine. Isitoshe, hoja hii inajipinga yenyewe. Kama KTDA kweli ni ya wakulima, sheria inayotaka mkulima alipwe mapema inamdhuru mwenye mali gani? Anayesema kampuni ni ya wakulima, kisha akasema kuwalipa wakulima haraka ni kuipokonya kampuni, amekiri kwamba kuna mwenye mali mwingine ambaye hakumtaja.

Inayofuata ni uhuru wa mikataba: kiwanda kimeiajiri KTDA kuwa wakala wake kwa hiari, basi waachwe wakubaliane. Lakini tazameni nani yuko kila upande. Wakala anayesimamia kiwanda yumo katika kundi moja na Majani Insurance inayoshughulikia bima, Greenland Fedha iliyoanzishwa ili kuwakopesha wakulima, KETEPA ya hapa Kericho inayopakia chai, na Chai Trading inayonunua chai mnadani. Watetezi wanajibu kwamba hakuna ubaya, maana faida yote hatimaye humrudia mkulima. Hata tukikubali, ugumu unabaki palepale. Muuzaji hutafuta bei ya juu kabisa, mnunuzi hutafuta ya chini kabisa, na uongozi mmoja hauwezi kuwatumikia wote wawili kwa uaminifu ule ule. Hasara ya bei kiwandani inamwangukia mkulima papo hapo, kwa kila kilo. Faida ya kampuni tanzu humfikia, ikimfikia, baada ya kupita kwenye gharama na uamuzi wa watu asiowaona.

Hoja ya mnada ina uzito zaidi, na naiheshimu. Wenye mashamba makubwa wanasema kulazimisha chai ya kuuzwa nje ipitie mnada wa Mombasa kunavunja uhusiano wa miaka mingi na wanunuzi wao, na kwamba chai ikijaa mnadani bei itaanguka. Hofu ya kwanza ina msingi. Ya pili haina. Chai inayohama kutoka mauzo ya moja kwa moja haiji peke yake, kwani mnunuzi aliyekuwa akiichukua bado anaihitaji, na atalazimika kuja kuipigania mbele ya wenzake. Ugavi ukiongezeka, na wanunuzi wanaongezeka. Kuna jambo jingine ambalo wapinzani hulipita kimya. Unilever ililima chai Kericho na kuuza Lipton duniani kote hadi ilipouza biashara yake ya chai mwaka 2022. Chai inapotoka kwa kampuni tanzu kwenda kwa kampuni mama, bei inayoandikwa ni makubaliano ya ndugu, na kaunti haina njia ya kujua kama ndiyo bei ya haki. Wengine huchanganya hapa bei ya chini kabisa ya mnadani ya dola 2.43 kwa kilo iliyowekwa Julai 2021, ambayo iliacha chai nyingi bila mnunuzi. Kasoro hiyo ilikuwapo, lakini ilitokana na uamuzi wa kibiashara. Mbunge hakuipigia kura.

Kuhusu ushuru wa chai uliomo katika sheria, wanasema utamwangukia mkulima. Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana kiwango chake kinastahili kubishaniwa. Ila wanaotaka ufutwe kabisa watuambie nani atagharimia utafiti wa chai pale Timbilil, hapa Kericho, ambako ndiko ilikotoka miche tunayopanda, ikiwemo chai ya zambarau.

Sasa tufike kwenye malipo, ambako mabishano yote yanakutana. Sheria inataka mkulima apate angalau nusu ya malipo ya majani yake kila mwezi. Wapinzani wanasema hilo litaua bonasi, na bonasi ndiyo inayolipa karo na kuezeka nyumba. Fanyeni hesabu nami. Mwaka wa fedha wa viwanda huanza Julai na kwisha Juni, na bonasi hulipwa karibu Oktoba. Majani yaliyochumwa Julai yanakamilishiwa malipo Oktoba ya mwaka unaofuata, yaani miezi kumi na mitano baadaye. Katika miezi hiyo mbolea inahitajika, mchumaji anadai ujira wake, mtoto anafukuzwa shule kwa karo. Mkulima anakopa kwa riba huku jasho lake mwenyewe likiwa bado halijamrudia. Kumwambia kwamba anacheleweshewa ili asitapanye ni kumfanya mtoto mtu aliyetunza michai kwa miaka thelathini.

Mwisho wanakuja na ubora. Bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa ni ndogo kuliko ya Meru au Kirinyaga, wanasema, kwa sababu majani yetu ni duni, na sheria haibadilishi majani. Ni kweli kwamba Mombasa hulipa zaidi chai ya kule, na ni kweli kwamba huku wengi hawachumi majani mawili na chipukizi. Lakini wakala anayesimamia kiwanda cha Imenti kule Meru ndiye anayesimamia viwanda vyetu vya Momul na Tirgaga, kwa ada. Ubora ukishuka, swali la kwanza linamhusu yeye. La pili ni kwa nini mkulima wa Bomet anachuma majani makubwa. Ni kwa sababu kuna mnunuzi wa kando ya barabara anayechukua kila kitu, hachambui, na analipa taslimu. Bei yake ni ya chini na mkulima anaijua, lakini gari lake linaondoka limejaa, kwa kuwa analipa leo.