Mchawi Asiyeloga



Wako wazazi ambao wakiliona neno "mchawi" juu ya jalada la kitabu, hukiondoa mezani kabla mtoto hajakifunua. Siwacheki. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo uliletwa na moshi wa kuni walizowapikia wajukuu wao. Neno lenye damu kiasi hicho si la kuchezewa. Basi nilipoifungua riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Mũrogi wa Kagogo, yaani Mchawi wa Kunguru, nilitaka kwanza kujua kama mwandishi alitambua uzito wa neno aliloliweka mlangoni pa kazi yake.

Marehemu Ngũgĩ, aliyefariki dunia mwaka 2025, aliiandika riwaya hii kwa Kikuyu, na sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2004. Mimi niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe, iliyotoka mwaka 2006. Ni kitabu kinene, chenye kurasa zaidi ya mia saba. Nchi yake ni Aburĩria, ambayo haimo katika ramani yoyote, na mkuu wake huitwa Mtawala tu. Katika baraza lake yumo waziri Machokali, ambaye alikwenda London kupanuliwa macho ili awaone maadui wa bwana wake popote wajifichapo. Mwenzake Sikiokuu, kwa wivu, akaenda Paris kurefushwa masikio. Majina hayo, kama unavyoona, yametoka katika Kiswahili chetu, nasi twacheka mapema kuliko msomaji wa ng'ambo. Mawaziri hao wawili huchimbana bila kupumzika, huku taifa likiombewa mkopo wa kujenga mnara wa kufika mbinguni, zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa Mtawala.

Sasa, huyo mchawi ametoka wapi? Kamĩtĩ ni kijana msomi aliyezunguka mitaani akitafuta kazi hata akakata tamaa. (Jina lake ndilo jina la gereza ambamo Ngũgĩ alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977, akakaa karibu mwaka mzima.) Usiku mmoja, akikimbizwa na polisi pamoja na binti aitwaye Nyawĩra, aliandika onyo kwamba nyumba walimojificha ni ya mchawi mkubwa, akalitundika nje pamoja na kifurushi cha mifupa. Polisi wakatimua mbio. Kumbe mmoja wao akarudi baadaye kwa unyenyekevu kuomba dawa ya kuwashinda wanaomzuilia cheo! Kamĩtĩ akamwonyesha kioo. Askari yule akapandishwa cheo, akamtangaza mchawi kila alikopita, na baada ya muda mfupi wakubwa wa serikali wakawa wanabisha hodi usiku usiku.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Katika Kikuyu mũrogi ni mtu anayeroga, wala si mganga. Mganga ana jina lake jingine la heshima. Kamĩtĩ hamlogi mtu hata mmoja. Huwasikiliza wagonjwa, huwauliza maswali, huwapa majani ya porini. Hata hivyo jina lile baya limemganda, kwa kuwa walio na hofu ndio waliolisoma na kuliamini. Kikongwe wa kijijini naye amebandikwa jina na watu wenye hofu, ila yeye hakuliandika mwenyewe, wala hana mlango wa kutorokea.

Kwa ukurasa huu wa jamaa, lakini, kuna sura ninazoziona bora kuliko vituko vyote vya ikulu. Rachael, mke wa Mtawala, alimwuliza mumewe habari za wasichana wa shule anaolala nao. Kwa swali hilo moja alifungiwa katika nyumba ya shamba, na saa zote za nyumba hiyo zikasimamishwa katika dakika ile aliyouliza. Chakula ni kile kile. Redio hurudia yale yale. Mtawala anangoja machozi yake, naye halii. Sijui kama yuko mwanamke aliyeolewa atakayezisoma kurasa hizo bila kumkumbuka mtu anayemfahamu. Yupo pia Vinjinia, mke wa tajiri Tajirika, ambaye mumewe alimpiga nyumbani. Wanawake walimteka bwana huyo usiku, wakamweka mbele ya baraza lao na kumhukumu viboko. Nilicheka, kisha nikajiuliza kwa nini adhabu ya namna hiyo inapatikana katika hadithi za mazingaombwe tu.

Dosari zipo. Safari ya Marekani, ambako Mtawala anavimba mwili kama puto na madaktari wasijue la kufanya, imevutwa mno. Nyawĩra ni mwema kupita kiasi; ningependa akosee mara mbili tatu. Tena mwandishi hakuamua sawasawa: mara uchawi ni hila ya mifupa na kioo, mara Kamĩtĩ anaiacha kweli maiwili yake na kuruka angani kama ndege. Mzazi anayetaka kumthibitishia mwanawe kwamba uchawi haupo hatapata msaada kamili humu.

Hata hivyo kisiondolewe mezani. Kwa vijana wa sekondari chafaa, ila wadogo wasubiri, kwa kuwa kuna mambo ya chumbani na ya mateso. Asiye na subira ya kurasa mia saba aanzie kwa ugonjwa wa Tajirika, ambaye baada ya kujazwa magunia ya fedha za rushwa alishikwa na kigugumizi cha ajabu, akawa hawezi kutamka ila neno moja tu: "kama". Msomeeni kwa sauti baada ya chakula cha jioni, kisha kila mmoja nyumbani abahatishe ni neno gani lililomkwama kooni, kabla hamjafunua ukurasa unaofuata.