Daraja Ni Letu: Adhibuni Uharibifu, Msiadhibu Miguu



Niko nyumbani likizo, na swali ninaloulizwa kila kijiwe ni lilelile: "Wewe binti si unasoma sheria? Hivi kusimama darajani ni kosa?" Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaacha kucheka, maana wanaouliza hawatanii.

Kwa msiopafahamu: Sitalike ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi, kwenye barabara inayotoka Mpanda kwenda Kibaoni mpaka Sumbawanga. Mto Katuma unapita hapahapa. Ng'ambo hii kijiji, ng'ambo ile Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, kilomita za mraba 4,471. Kiangazi maji yakipungua, viboko wanarundikana kwenye matope, na kila anayepita anataka kuwaangalia. Watoto wanasimama, abiria wanasimama, mzungu naye anasimama na kamera yake. Daraja letu ni njia, ni kijiwe, na ni dirisha la kuangalia hifadhi ambayo wengi wetu hatuna hela ya kuingia getini.

Ndiyo maana swali la vijiweni ni zito. Mtu akiamini kwamba kusimama darajani ni jinai, atatembea haraka na kuinamisha kichwa kwenye kitu alichokijenga kwa kodi yake. Hataangalia kama nguzo imeliwa na maji, wala hatauliza kwa nini zege limepasuka. Mimi nasema hivi: sheria inayolinda daraja ni njema, ila inapogeuzwa kuwa sheria ya kuwatisha watu wasilisogelee daraja, hailindi daraja tena. Inawalinda wenye ofisi dhidi ya macho ya wananchi.

Twende kwenye sheria yenyewe, maana wengi wanatishwa na kitu ambacho hawajawahi kusomewa.

Kosa la kuingia kwa jinai liko kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Haliseme "ukionekana mahali, umekwisha". Linataka mambo mawili. Kwanza, uwe umeingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, au umebaki hapo isivyo halali. Pili, na hapa ndipo wengi wanaparuka, uwe na nia: nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumkera mwenye mali. Nia hiyo upande wa mashtaka lazima uithibitishe. Sasa mama aliyetua ndoo apumzike darajani ana nia gani? Bodaboda anayesubiri abiria anamkera nani? Daraja la barabara kuu liko wazi kwa umma. Huwezi kuniita mvamizi kwa kupita njia uliyonijengea nipite.

Daraja kuliharibu ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 326 cha sheria hiyohiyo kinahusu kuharibu mali kwa makusudi, na kosa la kawaida chini yake linakupeleka jela hadi miaka 7. Hapo sina ugomvi. Anayefungua nati za kingo za chuma usiku akauze vyuma chakavu, mimi mwenyewe nitakuwa shahidi. Kingo ikiibwa leo, kesho basi linaingia mtoni, na mtoni kwetu kuna mamba. Anayechimba mchanga chini ya nguzo naye ni muuaji wa polepole, kwa sababu mafuriko yakija maji yanapata mahali pa kuingilia.

Nayasema haya mapema kwa sababu najua jibu la watawala: "Wapinzani wanatetea waharibifu." Hapana. Tunatetea tofauti kati ya mharibifu na mpita njia. Sheria yenyewe imeiweka tofauti hiyo.

Tatizo linaanzia mahali sheria inapokuwa haionekani. Tuna Sheria ya Maeneo na Sehemu Zinazolindwa ya mwaka 1969, inayompa Waziri mamlaka ya kutangaza mahali fulani kuwa panalindwa. Likishatangazwa, mambo ya kawaida kabisa yanaweza kugeuka kosa. Sawa, kambi ya jeshi lazima ilindwe. Lakini mwananchi wa Sitalike atajuaje ni mahali gani pametangazwa? Amri ziko kwenye Gazeti la Serikali, na Gazeti la Serikali haliuzwi gengeni.

Matokeo yake kila mwenye sare anatunga sheria yake. Niliwahi kuzuiwa kupiga picha daraja moja, sio hili la kwetu. Nikauliza kwa heshima, "Afande, ni kifungu gani?" Akanijibu, "Wewe binti, unajifanya mjuaji?" Nikafuta picha. Nilikuwa nimepiga ufa kwenye ukingo. Mpaka leo sijaonyeshwa kifungu, na nina mashaka kama yeye mwenyewe alikuwa nacho.

Msidhani hili ni la Tanzania tu. Afrika Kusini mwaka 1980, serikali ya makaburu ilitunga Sheria ya Maeneo Nyeti ya Taifa. Orodha ya maeneo hayo ikawa siri. Yaani unaweza kushtakiwa kwa sababu ya mahali ambapo huna haki hata ya kujua kama pamo kwenye orodha. Makaburu wakaondoka, sheria ikabaki. Mwaka 2010 makazi binafsi ya Rais Zuma kule Nkandla nayo yakatangazwa kuwa eneo nyeti, na mabilioni ya maswali kuhusu fedha za umma yakakutana na ukuta wa "usalama wa taifa". Wanaharakati walienda mahakamani, na Desemba 2014 mahakama ya Johannesburg ikaamuru orodha itolewe. Nchi haikuanguka. Mwaka 2019 Bunge lao likapitisha sheria mpya ya kulinda miundombinu muhimu ichukue nafasi ya ile ya kikaburu. Somo ni rahisi: siri haikuwa inalinda miundombinu.

Majirani zetu Kenya nao wako kwenye mjadala huohuo. Julai 2023 waandamanaji waliharibu sehemu ya barabara ya Nairobi Expressway pale Mlolongo. Huo ulikuwa uharibifu, na aliyefanya alistahili kujibu. Lakini mwaka 2025 ukaletwa bungeni muswada wa kukataza maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Mnaona safari ilivyo? Inaanza na aliyevunja, inaishia kwa aliyesimama. Sisi tulionyimwa mikutano ya hadhara tangu 2016 hadi Januari 2023, bila hata kuwa na muswada, tunaijua safari hiyo vizuri sana.

Halafu kuna neno "mvamizi". Kando ya barabara zetu kuna watu wanaitwa hivyo kila siku. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipeleka mita 30. Mzee aliyejenga mita 25 kutoka katikati mwaka 1990 hakusogea hata hatua moja. Barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo naye ni mvamizi? Ibara ya 24 ya Katiba inasema mali yake haichukuliwi bila fidia inayostahili. Na Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Sylivery Nkangaa dhidi ya Raphael Alberto iliyoripotiwa mwaka 1992, ilishaeleza kwamba shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale umiliki wa ardhi bado una mgogoro ambao haujaamuliwa kwa kesi ya madai. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua kesi hii. Wanaotisha wazee kwa pingu wanajifanya hawaijui.

Tuulize sasa: madaraja na barabara zetu zinauawa na nani? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima. Wahandisi wanafundisha kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu wa barabara hauzidi mara mbili, unakaribia mara 16. Lori lililozidisha likikamatwa mizani linalipa tozo, linapunguza mzigo, linaendelea na safari. Mkandarasi aliyelipua kazi anapata zabuni nyingine. Ila kijana aliyekaa kwenye ukingo na simu yake ndiye tishio kwa miundombinu ya taifa! Jamani.

Najua Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Naiheshimu. Lakini mpaka lazima uandikwe, ujulikane, na uwe na sababu. Na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya Mamlaka ya Nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Kila mtu, sio askari peke yake. Nitalilindaje daraja ambalo siruhusiwi kuliangalia?

Kwa hiyo madai yetu ni manne.

Kwanza, kila daraja lenye katazo liwe na kibao kwa Kiswahili kinachosema nini kimekatazwa na kwa sheria gani. Pasipo kibao, pasiwe na kamatakamata.

Pili, orodha ya maeneo yaliyotangazwa kuwa yanalindwa ibandikwe ofisi ya kila kata.

Tatu, polisi waache kutumia kuingia kwa jinai kama sheria ya kujazia. Kama mtu ameharibu, ashtakiwe kwa kuharibu. Kama hakuna uharibifu wala nia, aende nyumbani kwake.

Nne, ripoti za ukaguzi wa madaraja ziwe wazi, pamoja na jina la mkandarasi na gharama.

La nne hatusubiri hisani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu wewe Mtanzania kuandika barua kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Nimeandaa mfano wa barua kwenda TANROADS mkoa wa Katavi kuhusu daraja la Katuma: lilikaguliwa lini mara ya mwisho, nini kilionekana, nini kimefanyika. Vijana wa kila tawi wachukue mfano huo, wabadilishe jina la daraja, wapeleke kwa mkono na wahakikishe nakala yao imegongwa mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuigonga, andika tarehe na saa, na uwe na shahidi.

Mkiwa mnapita Sitalike, simameni. Angalieni viboko, halafu angalieni na nguzo.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa umoja wa vijana, tawi la Sitalike.