Mchoraji Alituona Wapi?

Majuzi hapa Kamina mtoto alituletea kitabu cha picha, Tintin au Congo, akauliza: “Mwalimu, ndivyo walivyokuwa babu zetu?” Tuliona haya, tukamjibu: La. Hergé alianza kuichora hadithi hiyo mwaka 1930 katika gazeti la Kikatoliki la Brussels, wala hakupata kukanyaga Kongo. Babu zetu akawafanya wajinga wa kuchekwa.

Tukampa Madame Livingstone, cha mwaka 2014, kilichochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Humo, katika vita vya ziwa Tanganyika, mwenyeji ndiye amwongozaye afisa Mbelgiji.

Wazazi, msiwanyang’anye watoto vitabu vya picha. Someni pamoja nao, mkiuliza kwanza: mchoraji huyu alituona wapi?