Mchuuzi wa Oldonyiro Atozwe Faida, Si Mauzo

Tuseme mchuuzi amenunua mbuzi kwa mfugaji katika soko la mifugo la Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, kwa shilingi 5,000, akamuuzia mwenye lori kwa shilingi 5,500. Mkononi mwake zimepita shilingi 5,500. Zilizobaki zake ni 500, na hapo bado hajamlipa kijana wa kuswaga mifugo wala ada ya soko. Serikali ikija kudai haki yake, ihesabu zipi: zile zilizopita au zile zilizobaki?

Sheria ya Kenya ina majibu mawili, na wafanyabiashara wengi wadogo wanalijua moja tu, kama wanalijua hata hilo. La kwanza ni ushuru wa mauzo, maarufu kwa herufi tatu, TOT. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote. Malipo hufanywa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama haziulizwi, wala hasara. La pili ni ushuru wa mapato wa kawaida, ambao huhesabiwa kwa mwaka mzima, tena juu ya faida baada ya kutoa gharama.

Milioni moja inasikika kuwa fedha za tajiri, lakini kwa mchuuzi wa mifugo si nyingi. Akiuza mbuzi wanne kwa wiki kwa bei ile ya 5,500, kwa mwaka ameuza mbuzi 208, na mauzo yake ni shilingi 1,144,000. Tayari amevuka mpaka wa TOT. Asilimia 3 ya fedha hizo ni shilingi 34,320. Faida yake ya mwaka mzima, kabla hata ya kutoa gharama nyingine, ni shilingi 104,000. Ushuru umeondoka na karibu thuluthi nzima.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo, na mbuzi walewale, kwenye njia ya pili. Shilingi 288,000 za kwanza za faida ya mwaka hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 28,800. Lakini kila mkazi anayelipa ushuru ana nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, na kwa mwaka nafuu hiyo ni shilingi 28,800 kamili. Moja inaifuta nyingine. Mwenye faida ya 104,000 hadaiwi hata senti ya ushuru wa mapato. Anachodaiwa ni kujaza ritani.

Hata hivyo, si haki kusema TOT ni mbaya kwa kila mtu. Mtazame fundi wa pikipiki mwenye mauzo yaleyale ya shilingi 1,144,000. Yeye anauza zaidi kazi ya mikono yake, kwa hiyo huenda akabaki na faida ya shilingi 700,000 baada ya kulipa vipuri na kodi ya kibanda. Kwa njia ya kawaida, baada ya nafuu, atadaiwa shilingi 118,600. Kwa TOT atalipa zilezile 34,320 za mchuuzi wa mbuzi. Mwenye faida ya laki saba na mwenye faida ya laki moja wanatozwa sawa. Mmoja amepewa punguzo, mwingine amebebeshwa mzigo, na sheria inawaita wote wafanyabiashara wadogo.

Katika nchi kame tofauti hii huuma zaidi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Katika ukame wa namna hiyo mfugaji huuza ng'ombe aliyekonda kabla hajamfia, na mchuuzi humnunua akijua huenda asifike naye mnadani akiwa hai. Kwa ushuru wa kawaida, hasara inaingia kwenye hesabu na inaweza kubebwa hadi mwaka unaofuata. TOT haitambui hasara. Mnyama aliyeuzwa chini ya bei aliyonunuliwa bado anadaiwa asilimia 3.

Wanaoitetea TOT wana hoja nzito. Ushuru huu uliwekwa mwaka 2007 kwa sababu wafanyabiashara wengi hawana vitabu vya hesabu. Kumwambia mtu alipe sehemu ndogo ya mauzo ni rahisi kuliko kumtaka athibitishe kila gharama. Tena kuna suala la usawa. Mwalimu na muuguzi wa Oldonyiro hukatwa ushuru kabla mshahara haujafika benki. Hawaulizwi kama mwezi ulikuwa mgumu. Kwa nini mwenye duka la jumla au mwenye malori aachwe? Hoja hiyo ni ya haki. Ila urahisi wa kukusanya ni faida ya mkusanyaji, na Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, si kwa urahisi.

Upande wa pili kuna kauli inayosikika katika kila soko: sisi tunalipa tayari. Ni kweli kwa kiasi fulani. Anayenunua sabuni analipa ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, wa asilimia 16 ndani ya bei, na Julai 2023 mafuta ya gari nayo yalipandishwa hadi asilimia hiyohiyo. Kaunti inatoza kibali cha biashara na ada ya soko. Lakini risiti ya kaunti haifuti deni la serikali kuu. Kifungu cha 209 cha Katiba kimezigawa kazi hizi waziwazi: ushuru wa mapato na VAT ni vya serikali kuu, kaunti ina ada za huduma zake. Mchuuzi aliyelipa getini mwa soko bado hajamalizana na Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru, KRA.

Na hapo ndipo wengi huumia. Kijana huchukua PIN ya KRA kwa sababu ya mkopo wa chuo, akaunti ya benki au zabuni, kisha anaisahau. Sheria haimsahau. Kila mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, hata kama hakupata kitu. Asiyefanya hivyo hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mtu asiyedaiwa ushuru wowote anaweza kujikuta na deni la miaka minne au mitano ya faini. Msamaha uliofuta faini na riba za hadi mwisho wa 2023 ulifungwa tarehe 30 Juni 2025.

Watu wa Isiolo si wageni wa mabishano ya ushuru. Katika miaka ya 1930, Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa wameishi Isiolo na miji mingine ya koloni walikataa kuwekwa kwenye kiwango cha chini cha ushuru wa kichwa, wakadai walipe kiwango cha juu cha Waasia. Walijua kwamba daftari la ushuru ndilo lililoamua nani ahesabiwe nani, na apewe haki zipi. Wakoloni waliwagawa watu kwa rangi, nasi hatulitaki daftari lile tena. Bali jambo moja Wasomali hao walilolishika linatufaa hadi leo: anayelipa ana msingi wa kudai.

Basi mchuuzi afanye nini? Kwanza, anunue daftari la kawaida na kuandika kila siku vitu vitatu: amenunua kwa bei gani, ameuza kwa bei gani, ametumia nini njiani. Rekodi za M-Pesa zitamsaidia kuthibitisha. Pili, apige hesabu ya njia zote mbili. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, naye akahesabiwa kwa faida. Mwenye faida nyembamba kwenye mauzo makubwa asiache nafasi hiyo. Tatu, asimwachie mhudumu wa saiba nywila yake na kumwambia amjazie sifuri kila mwaka. Sifuri ni ya asiyekuwa na mapato. Kwa anayeuza mbuzi kila wiki ni tamko la uongo lenye jina lake. Nne, akumbuke kwamba bima ya afya ya SHA ina mchango wake wa pekee, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na kwamba viwango hivi hubadilika karibu kila Sheria ya Fedha inapopitishwa.

Lakini kazi kubwa si ya mchuuzi. Haki ya kuikataa TOT isiyojulikana sokoni ni haki ya makaratasi tu. KRA ina mtandao wa iTax. Iupe kazi ya kuhesabu njia zote mbili na kumtoza mtu ile iliyo nafuu, bila kusubiri barua. Biashara ya mifugo hai, ambayo tayari imesamehewa VAT, iondolewe kwenye TOT na itozwe faida peke yake. Maafisa nao waje siku ya soko, waeleze kwa Kiswahili, Kisamburu na Kiturkana, badala ya kusubiri watu wafunge safari ya Isiolo mjini wakati faini imekwisha kuandikwa.

Mchuuzi wa Oldonyiro ana wajibu wa kulipa, na asidanganywe kwamba umbali na mji unamtoa kwenye wajibu huo. Bunge nalo lina wajibu wa kutomtoza fedha ambazo hazikuwa zake. Lipitishe marekebisho hayo kabla ya kumtuma mkusanyaji sokoni.