Rubaya: mchanga tunaotupa ungeweza kuziba mashimo

Januari 28, 2026, mulima uliporomoka kwenye machimbo ya Rubaya. M23, wanaoshika eneo tangu 2024, walisema watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi walilaumu mvua. Sawa, lakini maji inaingia pia katika mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi, inalegeza udongo.

Kule Kamoa-Kakula, Lualaba, kampuni inachanganya mabaki ya kinu na simenti, inapata uji mzito, inausukuma kwa mabomba mpaka ndani ya mgodi. Uji unajaza nafasi wenyewe, unaganda, unashika mwamba. Hapa kwetu, mchanga wa kuosha koltani unaishia kwenye miteremko na mitoni.

Tusiige kwa macho tu. Mashimo yetu hayana ramani, na uji ukimwagwa mahali pabaya unaweza kuangusha mulima. Mabaki ya koltani yanaweza kubeba uraniamu na toriamu; yapimwe kwanza.

Na simenti? Rubaya inatoa karibu 15% ya koltani ya dunia, na kila kilo inakatwa kodi. Pesa iko. Mashimo yaandikwe, mchanga ukusanywe, na sehemu ya kodi hiyo irudi chini, kule inakotoka.