Mkaguzi wa Leseni Asiogopwe, Wala Asidhulumiwe

Ndugu wafanyabiashara wa Arusha, toka Barabara ya Sokoine hadi Usa River, ni nadra siku hizi kuona ofisi ya utalii, hoteli au shamba la maua lisilotegemea kompyuta. Na zinapokuja kompyuta, huja pia barua: mwenye programu anataka kukagua leseni. Wako wanaoitupa barua hiyo kapuni, na wako wanaotetemeka na kufungua kila kabati. Wote wanakosea.

Tuanze na haki ya mwenye mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 huzilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Anayenunua leseni ya kompyuta moja akaitumia kwenye kumi anakula jasho la mwenzake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliiona kampuni kubwa ya vinywaji, Diageo, inawajibika kwa kampuni ya programu ya SAP, kwa kuwa watu wake waliufikia mfumo wa SAP kupitia programu nyingine bila kulipiwa.

Hata hivyo, haki hiyo ina mipaka. Mkaguzi wa kampuni si polisi. Nguvu zake zimo katika mkataba uliousaini. Kama mkataba hauna kifungu cha ukaguzi, barua yake ni ombi tu. Kupekua bila ridhaa yako kunahitaji mamlaka ya kisheria, na ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Fedha anazozitaja ni dai, si hukumu. Mwaka 2015, huko Marekani, kampuni ya Mars ilikuwa imeipa kampuni ya programu ya Oracle zaidi ya kurasa 233,000 za nyaraka, na bado ikadaiwa zaidi. Ikaenda mahakamani kulalamika kwamba ukaguzi umevuka mkataba. Shauri likaisha kwa maelewano.

Wenye kampuni za utalii wana jambo la ziada. Mnahifadhi namba za pasipoti na habari za afya za wageni wanaopanda Meru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiwaruhusu kuzigawa ovyo. Mkaguzi anayetaka kujua idadi ya kompyuta na watumiaji hana haja na pasipoti ya mgeni.

Basi fanyeni hivi. Hesabuni leseni zenu wenyewe kabla hamjaulizwa, na mtunze risiti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ikija, msifute kitu. Mwiteni wakili, someni mkataba, kisha mkubaliane kwa maandishi nini kitakaguliwa, lini, na nani atatunza siri.

Mji wenye makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haupaswi kuwa na wafanyabiashara wasiosoma mikataba yao. Anayedaiwa kihalali alipe. Anayetishwa tu aombe kuonyeshwa kifungu.