Ngitili nayo iwe na daftari la hesabu

Inapofika Agosti, malisho ya wazi yakiwa yamekwisha na maji ya malambo yamebaki tope, mwenye ngitili katika vijiji vya Didia na kata jirani mkoani Shinyanga hupata wageni wa aina tatu. Wa kwanza ni jirani mwenye ng'ombe anayeomba kulishia siku chache tu. Wa pili ni mchoma mkaa, anayetaka kununua miti ingali imesimama. Wa tatu ni dalali wa matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za mashimo ya dhahabu zisiwaangukie wachimbaji wadogo, ambaye soko lake liko upande wa Kahama na Geita. Jirani mara nyingi huja na maneno mazuri. Wale wengine wawili huja na fedha taslimu.

Mwenye ngitili anahitaji fedha hizo. Msimu unakaribia, mbegu hazijanunuliwa, watoto wanataka sare na daftari, na nyumbani huenda yupo mgonjwa. Kumwambia mtu huyo kwamba miti ni uhai ni kumpotezea muda, kwa kuwa analijua hilo kuliko mtoa semina. Asichokuwa nacho ni mnunuzi wa nne, yule ambaye angemlipa kwa kuiacha ngitili ikiwa nzima. Hapo ndipo penye tatizo, na ni tatizo la biashara kabla ya kuwa la mazingira.

Kwa wasiofahamu, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha likafunguliwa katikati ya kiangazi wakati kwingine kote kumekauka. Ni akiba, kama ghala lilivyo akiba ya nafaka. Zipo za ukoo au mtu binafsi, nyingi zikiwa za hekta chache tu, na zipo za kijiji ambazo huweza kufikia hekta mia na zaidi.

Utaratibu huu uliwahi kukaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisafisha mapori makubwa ya Usukuma ili kuwaondoa mbung'o. Pamba nayo ikafyeka sehemu yake, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao Norway iliufadhili kwa sehemu kubwa. Ngitili zilizokuwa zikijulikana rasmi wakati huo hazikuzidi sana hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa au kuanzishwa zilikuwa zimefikia hekta 350,000 hivi, katika vijiji zaidi ya 800.

Mafanikio hayo hayakuletwa na miche ya bure. Miaka ya mwanzo wataalamu waligawa miche ya kigeni na mingi ikaliwa na mifugo au ikafa kwa ukame. Mambo yalibadilika waliporudi kwenye kile ambacho mkulima alikuwa nacho tayari, yaani ngitili yenyewe, dagashida ya kujadili mipaka na adhabu, na sungusungu wa kulinda. Utafiti uliofanywa mradi ulipomalizika ulikadiria thamani ya mazao ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Ndani ya thamani hiyo zilikuwamo kuni, nguzo, dawa, matunda, asali, majani ya kuezekea na malisho.

Lakini sehemu kubwa ya thamani hiyo haikupita mkononi kama fedha. Mwanamke aliyepata kuni karibu na nyumba aliokoa saa kadhaa za kutembea, na saa hizo hazikuandikwa popote. Familia iliyopata dawa ya mizizi haikuhesabu ilichookoa dukani. Kwa hiyo mchoma mkaa anapotaja bei yake, mwenye ngitili hulinganisha noti anazoziona na faida ambayo hajawahi kuiona ikiandikwa. Katika mashindano ya namna hiyo noti hushinda.

Siku hizi wataalamu wa maendeleo duniani wanazungumza sana juu ya ujasiriamali wa kijamii. Maana yake si ngumu kama jina. Ni biashara inayojiendesha kwa kuuza bidhaa au huduma, lakini imeundwa ili kutatua tatizo la watu au mazingira, na faida yake hurudi hukohuko. Haigawi misaada, na hasara ikiingia haina mfadhili wa kuiziba. Mwananchi wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kufundishwa wazo hilo kama jambo geni. Vyama vya ushirika vya pamba vilivyounganishwa mwaka 1955 na kuwa Shirikisho la Victoria, chini ya Paul Bomani, vilikuwa biashara ya aina hiyo: wakulima waliungana ili mizani isiwaibie, wakaishia kumiliki vinu vya kuchambulia pamba.

Mifano ya karibu zaidi kwa wakati ipo. Huko Meatu, wakati huo ikiwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, kampuni ya bioRe ilianza mwaka 1994 kuingia mikataba na wakulima wa pamba isiyotumia mbolea na dawa za viwandani, kwa ahadi ya kununua na kulipa nyongeza juu ya bei ya soko. Mkulima hakuhifadhi udongo kwa sababu ya hotuba, alihifadhi kwa sababu nyongeza hiyo ilikuwa ya kwake. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, kampuni ya Carbon Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, huuza nje hewa ukaa ambayo haikutoka kwa kuwa msitu wa Wahadzabe haukufyekwa, na jamii hulipwa kutokana na mauzo hayo. Kampuni hiyohiyo inafanya kazi na vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi.

Je, ngitili za Didia zinaweza kuuza nini? Watu wengi watataja hewa ukaa kwanza. Ni haki yao kuitaja, hasa baada ya serikali kutunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Lakini Shinyanga iliwahi kuonja. Baada ya Norway kuahidi mwaka 2008 kroni milioni 500 kwa ajili ya misitu ya Tanzania, shirika la TaTEDO liliendesha mkoani humu majaribio ya malipo ya hewa ukaa kwa wenye ngitili. Majaribio yalikuwa ya miaka michache, yakaisha. Kupima hewa ukaa kwenye vipande vidogovidogo vilivyotawanyika ni gharama kubwa kuliko kupima msitu mmoja mkubwa wa Katavi. Hilo lisiachwe, ila lisiwe la kwanza.

La kwanza ni majani. Wapo watakaocheka, maana majani yamezoeleka kuwa kitu cha kuombana. Hata hivyo hesabu ya maksai inaonyesha vingine. Jembe la kukokotwa na ng'ombe ndilo linalolima sehemu kubwa ya mashamba ya Usukuma, na mvua za kwanza huwakuta maksai wakiwa dhaifu kuliko wakati wowote wa mwaka. Maksai waliokonda hawalimi siku nzima. Mkulima huchelewa wiki mbili au tatu, na katika ukanda ambao mvua haitabiriki, wiki hizo ndizo tofauti ya kuvuna na kutovuna. Mwenye ngitili akikata majani mapema, nyasi zingali na lishe, akayakausha, akayafunga kwa kisanduku cha mbao ili kila robota liwe na kipimo kimoja, anaweza kuyauza Septemba na Oktoba kwa mwenye maksai, na kwa wafuga ng'ombe wa maziwa wa Shinyanga mjini. Zana zinazohitajika ni mundu, kamba na banda lisilovuja. Kipimo kimoja ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bidhaa isiyo na kipimo haina bei, ina majadiliano tu.

Asali inafuata, nayo haihitaji maelezo marefu. Migunga huchanua vizuri, nyuki wapo, mizinga inatengenezwa na mafundi wa hapahapa. Kinachokosekana ni usafi wa kurina na chombo cha kuuzia.

Mkaa ndio mtihani. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Maana yake mwenye ngitili anauza kilo 100 na mnunuzi anaondoka na kilo 20 au chini ya hapo, nyingine zimeteketea. Anayeuza miti ikiwa imesimama hulipwa kwa kile kidogo kinachobaki. Wakati huohuo, mashine za kukoboa mpunga za Shinyanga na Kahama zinarundika maganda nje. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni maganda. Maganda hayo yakichomwa kwa hewa kidogo na kushindiliwa huwa mkaa mbadala. Soko lake si la kubahatisha tena, kwa kuwa serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule za bweni za Didia na Tinde zinapika kila siku. Kikundi cha vijana chenye mashine moja na mkataba wa shule mbili kingepunguza shoka kwenye ngitili kuliko mabango yote ya barabarani.

Matimba yanahitaji ukali zaidi. Mchimbaji mdogo hawezi kuambiwa asitumie nguzo, maana maisha yake yanazitegemea. Anayeweza kubanwa ni mwenye leseni ya eneo. Leseni za uchimbaji mdogo zingeweza kuambatana na sharti la kuonyesha nguzo zimenunuliwa kutoka mashamba ya miti ya kupandwa, mikaratusi kwa mfano, na risiti iwepo. Mkulima mwenye ekari moja isiyofaa kwa mpunga angepata zao la fedha, na dalali wa Agosti angekuwa na mahali pengine pa kwenda. Dhahabu inaingiza fedha nyingi Geita na Kahama. Si haki gharama ya kuishikilia migodi isisimame ibebwe na mfugaji wa Didia.

Zipo tahadhari mbili ambazo watetezi wa ujasiriamali wa kijamii huzipita haraka. Moja ni ushirika wenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1976, na viliporudishwa miaka ya 1980 havikurudi na nguvu ileile. Wakulima wakakopwa pamba na kulipwa kwa kuchelewa. Wazee wanakumbuka, na kikundi chochote kitakachokusanya majani au asali ya watu kitaulizwa swali hilo siku ya kwanza. Jibu pekee linalofaa ni kulipa siku ya mizani na kubandika hesabu ukutani mwa ofisi ya kijiji kila mwezi.

Nyingine ni nani anafaidika. Ngitili kubwa ni za wenye ng'ombe wengi. Kaya isiyo na mfugo wala ardhi ilikuwa ikiokota kuni na kukata majani ya kuezekea bila kulipa. Majani yakishakuwa na bei, kaya hiyo itafungiwa nje, na hapo ndipo moto wa usiku huanzia. Ngitili za kijiji ndizo zinazopaswa kutengewa sehemu yao kwanza, ikiwamo kazi ya ujira ya kukata na kufunga. Katika miaka ya HASHI baadhi ya vijiji vilijenga madarasa na nyumba za walimu kwa mapato ya ngitili za pamoja, na watu wote wakaona sababu ya kulinda. Inafaa pia kukiri kwamba miti iliporudi walirudi fisi na ndege waharibifu, na hasara hiyo huwaangukia wenye mashamba ya pembeni.

Sheria haina upungufu mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji, kikundi na mtu binafsi kutenga na kumiliki msitu, na kijiji chenye msitu wake uliohifadhiwa rasmi hubaki na mapato yake. Ngitili nyingi hazijafika huko. Hazijapimwa, hazimo katika mpango wa matumizi ya ardhi, hivyo mwenyewe hawezi kuiweka dhamana benki wala kumzuia mrithi asiigawe vipande vya majaruba. Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga inaweza kutenga kiasi katika bajeti yake kwa ajili ya kupima ngitili za kata moja, Didia ikiwa miongoni mwa zinazostahili kuanza, na kusamehe ushuru wa robota za majani na asali kwa miaka michache ya mwanzo. Ushuru wa mkaa ni rahisi kuukusanya getini, ndiyo maana huendelea kupendwa.

Kabla ya mvua za Novemba vijiji hukaa kukubaliana juu ya mipaka na adhabu za msimu. Mwaka huu kikao hicho kinaweza kuongezewa ajenda moja: robota la majani la kiangazi kijacho litakuwa na kipimo gani, litauzwa kwa bei gani, na nani atashika daftari.